Samba Mapangala na alama mbili nilizomkata mwanafunzi

Juma lililopita nilikuwa safarini kuelekea Eldoret, nikasimama Salgaa kunywa chai. Msomaji anayeijua barabara hiyo anaijua Salgaa: malori yaliyotoka Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo yameegeshwa kando, vibanda vinafuka moshi wa nyama choma, na redio zinashindana. Katika kibanda nilimoketi ulikuwa ukichezwa wimbo "Dunia Tunapita" wake Samba Mapangala.

Ualimu ni ugonjwa. Nilimwambia dereva wa trela niliyeketi naye kwamba wimbo ni mtamu ila jina lake lina kasoro. Panapotajwa mahali, nilimfafanulia, kiambishi -ni hakina budi kuwepo; kwa hivyo ilifaa kuwa "duniani".

Dereva alicheka. "Aki mwalimu, hata wimbo unasahihisha? Sisi hapa ni wapita njia tu. Huyo mzee anaimba mambo yetu."

Nilinyamaza, nikameza chai. Wapita njia! Hakusema "wapita njiani", wala hakuna Mswahili asemaye hivyo.

Tumkumbuke kwanza mwimbaji mwenyewe. Mapangala alizaliwa Matadi, mji wa bandari ulio magharibi kabisa mwa Kongo, ilhali Kiswahili cha Kongo ni cha mashariki. Kiswahili hakikuwa lugha ya mji aliozaliwa. Alipitia Uganda, akaingia Nairobi mwaka 1977 akiwa na kundi la Les Kinois, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Hizo zilikuwa nyakati ngumu kwa mgeni: wanamuziki wengi wa Kongo waliofanya kazi Nairobi miaka ya 1980 walisumbuliwa na suala la vibali. Aliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili, na hatimaye akahamia Marekani. Maisha yake yamekuwa ya kupita.

Muziki wa wageni si jambo geni kwetu. Kodiani ililetwa na Wazungu, lakini Wagĩkũyũ waliichukua wakaifanya roho ya mwomboko, ikiitikiwa na mlio wa karing'aring'a. Leo mwomboko huhesabiwa kuwa ngoma ya wazee, na hakuna anayeiuliza kodiani ilizaliwa wapi. Mwimbaji mgeni hasamehewi kirahisi hivyo, kwa sababu yeye ana ulimi, na ulimi husikika.

Sasa turudi kwa jina la wimbo. Kitenzi "pita" hakihitaji -ni kila mara. Twasema basi limepita kituo, jambo limepita kiasi, mtu ni mpita njia. Ukisema "duniani tunapita", dunia ni ukumbi, nasi tumo ndani yake tukielekea mlangoni. Ukisema "dunia tunapita", dunia yenyewe ndiyo kinachopitwa, kama trela linavyopita Salgaa usiku: taa zinaonekana, harufu ya nyama inasikika, kisha zote zinabaki nyuma.

Mshikilia kanuni ataniuliza: mbona basi haikuwa "tunaipita"? Hapo ndipo ninapomvulia Mapangala kofia. Kumpita mtu ni kumshinda au kumwacha nyuma, kama dereva anavyolipita gari lililo mbele yake. "Dunia tunaipita" ingekuwa majigambo. Wimbo unaotukumbusha kwamba hatukai hapa milele hauwezi kubeba majigambo hayo.

Je, Mapangala alikusudia yote haya? Huenda ni mazoea tu ya ulimi. Lakini huku kwetu bara, anayelikwepa neno "duniani" kwa kawaida husema "kwa dunia", naye hakusema hivyo. Isitoshe, mhakiki huhukumu kilichosemwa, si kilichokuwa kichwani mwa msemaji. Wala sidai kwamba kila kosa ni sanaa. Zipo nyimbo zake ambamo upatanisho wa ngeli unayumba, na mtahiniwa asiuige huo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuuliza kama kauli ni sahihi, tuulize inafanya kazi gani.

Nayasema haya kwa kuwa nina deni. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafariki. Mwaka uliofuata mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa sehemu hizo, aliandika insha kuhusu ajali za barabara hiyo. Aliipa anwani "Dunia Tunapita". Niliizungushia anwani hiyo wino mwekundu, nikaandika "duniani!" pembeni, nikamkata alama mbili. Kuhusu insha yenyewe, iliyokuwa nzuri, sikuandika hata neno moja.

Dereva alipomaliza chai yake alilipa, akaniaga, "Haya mwalimu, tupatane mbele." Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa amenifunza somo la sarufi, lakini utingo alikuwa ameshawasha injini.

Kama mwanafunzi yule anaisoma safu hii, nampa alama zake mbili. Anwani yake ilikuwa sahihi.