Mchemraba wa LED: programu inasifiwa, ubao unasahauliwa

Ukisoma maelekezo ya kujitengenezea mchemraba wa taa za LED, ule wa 4×4×4 wenye taa 64, utakuta mpangilio uleule. Programu inaelezwa kwa kirefu, mstari kwa mstari. Kisha unapewa sentensi moja: toboa matundu 16 ya milimita 5 kwenye ubao, panga taa, lehemu. Basi, imeisha hiyo.

Mimi sentensi hiyo ilinigharimu tabaka zima.

Ubao huo ndio kiolezo. Unashika taa 16 kichwa chini, miguu juu, ili mguu hasi wa kila taa ukunjwe na kulehemiwa kwa jirani yake. Ukimaliza tabaka unalichomoa, unaanza jingine. Mwishoni matabaka manne yanapandana, na miguu chanya inaungana kuwa nguzo 16.

Kosa la kwanza la maelekezo haya ni kutoa umbali kati ya matundu bila kusema umetoka wapi. Umbali unatokana na taa ulizonunua wewe. Pima mguu mfupi, maana ndio unaolala kumfikia jirani, kisha punguza milimita chache za kukunja na kupishana. Ukinakili namba ya mtu mwingine, miguu yako inaweza isifike.

La pili ni kipenyo. Taa ya milimita 5 kwenye tundu la milimita 5 inaweza kubana kweli kweli. Yangu zilibana. Nilipovuta tabaka, viungo vitatu vikaachia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao chakavu: taa isimame bila kucheza, lakini itoke ukiisukuma kidogo kwa chini. Kwa hiyo tundu litokeze upande wa pili.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, maana hapo ndipo sayansi ilipo. Ukipima kila tundu kutoka lililotangulia na kukosea nusu milimita upande uleule kila mara, tundu la nne litakuwa limehama milimita 1.5. Kwenye mchemraba wa 8×8×8, la nane litahama milimita 3.5. Pima yote kutoka ukingo mmoja, na kila kosa litabaki la tundu lake.

Halafu kuna jambo zuri ambalo maelekezo haya hayasemi: tundu moja likihama milimita moja, nguzo zako bado zitasimama wima, mradi matabaka yote yametoka kwenye ubao uleule na yamepangwa kwa mwelekeo uleule. Kosa linajirudia mahali palepale. Maabara tunatofautisha usahihi, yaani kukaribia kipimo cha kweli, na uthabiti, yaani kupata jibu lilelile kila mara. Hapa uthabiti ndio unaookoa. Weka alama kwenye kona moja ya kila tabaka, kwa sababu ukiligeuza tu, kosa linajitokeza.

Niwe mkweli, maelekezo yanayosisitiza kupima kila taa kabla ya kulehemu yanastahili sifa. Taa iliyokufa katikati ya mchemraba ni shida kuitoa.

Lakini mwanafunzi aliyejichanga kununua taa 64, nguzo zikienda mshazari, hatalaumu sentensi ile. Atasema, "Sina mkono wa ufundi," na ataacha. Mkono anao. Alichokosa ni nusu ukurasa wa maelezo kuhusu ubao.