Waya mmoja, betri moja, glopu moja

Somo la sakiti katika shule ya msingi mara nyingi huharibika kabla mwalimu hajafungua kinywa, na kinacholiharibu ni vifaa vyenyewe. Kisanduku cha mazoezi kinachouzwa madukani huja na glopu iliyokwishafungwa kwenye kishikizo chake, betri zikiwa zimepangwa ndani ya kasha la plastiki, na nyaya mbili zenye vibanio, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mtoto anabana wekundu penye wekundu na weusi penye weusi, taa inawaka, darasa linapiga makofi. Muulize umeme umepita wapi ndani ya glopu, hana la kusema. Sehemu yenye jibu imefunikwa na kishikizo.

Nataka kuchambua somo lililopangwa kinyume kabisa na hapo. Lilitengenezwa Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1960, na mradi ulioitwa Elementary Science Study. Ni wakati ule Wamarekani walipokuwa wakisuka upya ufundishaji wa sayansi baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957. Somo lilipewa jina la Batteries and Bulbs na lililenga watoto wa miaka 9 hadi 12 hivi. Kila mtoto, si kila kundi, anapewa betri moja ya tochi, glopu moja ya tochi na kipande kimoja cha waya. Hakuna kishikizo, hakuna swichi, hakuna mchoro ubaoni. Swali ni moja tu: unaweza kuiwasha?

Huo waya mmoja ndio roho ya somo. Ukimpa mtoto nyaya mbili anaweza kufanikiwa kwa kubahatisha, asijue hata ni kitu gani kilichofanya kazi. Ukimpa mmoja, lazima glopu iguse betri yenyewe, na hapo ndipo anapolazimika kujiuliza ni sehemu gani ya glopu iguse wapi. Wengi huanza vilevile. Wanasimamisha glopu juu ya kichwa cha betri, au wanapeleka waya kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha glopu, kisha wanangoja. Kwao betri inatoa, glopu inapokea, na njia moja inatosha. Haiwaki. Wanabonyeza kwa nguvu zaidi, wanageuza betri, wanabadilishana glopu na jirani wakidhani yao imeungua. Kisha mmoja anagusisha waya ubavuni mwa glopu, ncha ya pili ikiwa kwenye kitako cha betri, na mwanga unatoka. Habari hiyo haichelewi kufika meza ya mwisho.

Ziko namna nne za kufanikiwa. Kitako cha glopu kinaweza kukaa juu ya kichwa cha betri, waya ukatoka ubavuni mwa glopu hadi kitako cha betri. Au ubavu ndio ukakaa juu ya betri na waya ukatoka kitakoni. Kisha geuza betri, namna hizo mbili zinakuwa nne. Mtoto akizichora zote nne kwenye daftari, na pembeni akachora zile zilizoshindikana, anakuwa na ushahidi alioukusanya kwa mikono yake: betri ina pande mbili, glopu nayo ina pande mbili, na pande zote nne ni lazima zishiriki. Ubao haukuandikwa neno. Katika hatua hii kazi ngumu kuliko zote ni ya mwalimu, kwa sababu anapaswa kuzunguka darasani akiuliza "umejaribu nini?" bila kunyoosha kidole kuonyesha. Darasa la watoto sabini linamshawishi kila dakika aonyeshe ili amalize kipindi. Akikubali, somo limekwisha, hata kama kengele haijalia.

Baada ya hapo watoto wanaichungulia glopu. Chukua iliyoungua, izungushie kitambaa, ivunje kioo kwa uangalifu mwenyewe, kisha ipitishe darasani. Ndani kuna nyaya mbili ngumu zilizosimama kama nguzo, zimeshikanishwa na kidonge cha kioo ili zisigusane, na juu yake palikuwa na uzi mwembamba uliojikunja, ule unaowaka. Fuata nguzo moja hadi chini: imelehemiwa kwenye ubavu wa chuma. Fuata ya pili: inatokeza kwenye kile kitone kidogo cha kitako. Kati ya kitone na ubavu kuna pete nyeusi isiyopitisha umeme. Mtoto aliyehangaika na waya wake mmoja akiiona pete hiyo anaelewa papo hapo kwa nini ni lazima ubavu na kitako viguswe vyote viwili, kila kimoja peke yake. Yule aliyepewa kishikizo angeiona kama pambo.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya watoto tu. Mwaka 1997 ilitoka filamu ya elimu iitwayo Minds of Our Own, ambamo wahitimu wa chuo kikuu cha MIT, wakiwa bado ndani ya majoho yao, walipewa betri, glopu na waya wakaambiwa waiwashe. Walikuwapo walioshindwa. Walikuwa wamefaulu mitihani ya umeme yenye hesabu nzito, lakini hakuna siku waliyolazimishwa kuamua wenyewe waya uguse wapi.

Sasa twende penye ugumu wa kweli. Mtoto akishajua kwamba sakiti ni lazima izunguke, bado anaweza kubaki na wazo moja sugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Roger Osborne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, waliwahoji watoto kuhusu mkondo wa umeme wakakuta mawazo yao yanaangukia mafungu manne. Wa kwanza wanaamini mkondo hupita njia moja tu kwenda kwenye glopu. Wa pili wanasema mikondo miwili hutoka pande zote za betri na kugongana ndani ya glopu, na mgongano huo ndio mwanga. Wa tatu wanakubali kwamba mkondo unazunguka, ila glopu inakula sehemu yake, hivyo unaorudi ni mdogo. Wa nne wanasema mkondo unaokwenda na unaorudi ni sawasawa, na hao ndio wako sahihi. Fungu la tatu ndilo linalohimili masomo. Unaweza kumfundisha mtu miaka mingi akatoka nalo.

Nchini kwetu Tanzania wazo hilo lina msaada mkubwa nyumbani. Mtoto anamwona mama ananunua umeme kwa simu, anaingiza tarakimu kwenye mita ya LUKU, na baada ya siku kadhaa uniti zimekwisha na nyumba ni giza. Ni haki yake kuamini kwamba taa zimekula kitu. Na kweli kimeliwa kitu! Mwalimu anayemjibu "hapana, umeme hauliwi" anakana jambo ambalo mtoto amelishuhudia. Kilicholiwa ni nishati, mkondo haukupungua. Mnyororo wa baiskeli unalionyesha hilo vizuri: pingili zinazokwenda kwenye gurudumu la nyuma ndizo hizo hizo zinazorudi kwenye pedali, hakuna inayopotea njiani, lakini mpanda baiskeli anachoka na gurudumu linazunguka.

Mfano, hata uwe mzuri namna gani, hauthibitishi. Kinachothibitisha ni jaribio, na hapa fundi wa somo anajulikana. Unganisha glopu mbili kwa mfuatano ukitumia betri mbili, kwa sababu betri moja ya volti 1.5 itaziacha hafifu mno darasa lisione kitu. Kabla ya kuunganisha, kila mtoto aandike anachotabiri: ipi itawaka zaidi? Wafuasi wa wazo la tatu watasema ile ya kwanza kutoka kwenye betri. Unganisha. Zinawaka sawa.

Zinawaka sawa endapo mwalimu alikagua glopu zake, na hapa ndipo masomo mengi yanapozama kimyakimya. Kwenye shingo ya chuma ya glopu ya tochi kuna maandishi madogo sana, kwa mfano 2.5V 0.3A. Ukichanganya ya 0.3A na ya 0.2A za volti sawa, ile ya 0.2A itawaka zaidi ya mwenzake, popote utakapoiweka. Ikitokea kwamba imekaa ya kwanza, darasa zima litaondoka limethibitisha kosa kwa macho yake. Dawa ni rahisi: zibadilishe nafasi. Mwanga mkali ukihama na glopu, tofauti ni ya glopu. Hata pale glopu zinapofanana mimi ningezibadilisha tu, kwa sababu mtoto anayeona zimebadilishwa anajifunza namna ya kulihoji jaribio lenyewe.

Kuna kipimo kingine kizuri, nacho ni dira. Tangu Oersted alipoonyesha mwaka 1820, inajulikana kwamba waya wenye mkondo husogeza sindano ya dira. Waya mmoja mnyoofu uliolazwa juu ya dira, kaskazini kwa kusini, utaisogeza sindano kidogo tu ukiwa na glopu moja ya tochi. Uzungushe waya huo kwenye dira mara kumi, na sindano itapinda waziwazi hata aliyekaa nyuma akasogea kidogo ataiona. Weka dira kabla ya glopu, watoto waandike imepinda kiasi gani. Ihamishie baada ya glopu. Imepinda vilevile. Palipo na dira moja tu ya shule, inatosha, mradi mwalimu asiwaambie jibu kabla ya kuihamisha.

Mpango huu una tatizo jipya ambalo waliouandika miaka ya 1960 hawakukutana nalo. Tochi za leo sokoni zina LED, na glopu ya uzi inazidi kuadimika. LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi, kwa hiyo betri moja haiiwashi; inapitisha mkondo upande mmoja tu; na ukiziunganisha mbili kwa mfuatano kwenye betri mbili, hazififii, zinazima kabisa, na mtoto atasema sakiti imekatika. Mwalimu atakayebadilisha glopu kwa LED bila kubadilisha maswali atafundisha vurugu. Ushauri wangu ni kwamba shule itafute glopu za uzi kwenye vibanda vya mafundi maadamu bado zinapatikana, izitunze kwa ajili ya hatua hizi za mwanzo, na LED ije baadaye kama fumbo: kwa nini hii inakataa betri ikigeuzwa? Betri za simu zisiingie darasani kamwe, maana zikipigwa shoti zinaweza kulipuka moto. Na watoto waambiwe kwa ukali kwamba wanayoyafanya kwa betri ya tochi hayafanywi kwenye soketi ya ukutani.

Na utajuaje kwamba wameelewa? Taasisi iliyozaa somo hili ndiyo iliyokuja katikati ya miaka ya 1960 na mpango wa sayansi ya shule za msingi barani Afrika, uliofika Kenya, Uganda na Tanzania. Eleanor Duckworth, aliyeutathmini nchini Kenya, hakutegemea karatasi ya mtihani. Aliwawekea watoto vitu mbele yao akaangalia wanavifanyia nini. Kwa sakiti, kifaa cha kupima kwa namna hiyo ni kisanduku kilichofungwa, chenye misumari minne iliyotokeza nje na nyaya zilizofichwa ndani. Mtoto anapewa betri, glopu na nyaya mbili, anaambiwa achore kilichomo bila kufungua. Misumari miwili ikiwasha glopu kwa mwanga kamili, pengine kuna waya kati yake. Ikiwasha kwa mwanga hafifu, huenda ndani kuna glopu nyingine, au waya mwembamba wa nikromu. Ikiwaka kabla betri yake mwenyewe haijaunganishwa, kuna betri humo ndani, na itabidi aeleze ni misumari ipi inayoishika na kwa nini anadhani hivyo.