Neno Voyage na Ufundi wa Mtunzi wa Kamusi

Voyage, kwa Kiingereza cha leo, ni safari ndefu ya majini, hasa ya baharini, inayofanywa kwa chombo. Fasili hiyo ni fupi, lakini kila neno lililomo limewekwa kwa sababu. "Ndefu" huondoa kivuko: abiria wa feri ya Likoni hafanyi voyage, hata kama maji anayovuka ni yale yale yanayopitwa na meli za mizigo ziingiazo Kilindini. "Safari" humwondoa mvuvi, kwa kuwa yeye yuko kazini na hana mji aendao. "Hasa" huacha mlango wazi kwa maziwa makubwa kama Viktoria. Neno dogo kama "hasa" ndilo linalompima mtunzi wa kamusi. Akiliacha, fasili inadanganya. Akiongeza mengine matatu ya kulieleza, msomaji anachoka na kufunga kitabu.

Mahali pazuri pa kuijaribu fasili kama hii ni Langas, mtaa wa Eldoret ulio kwenye nyanda za mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa. Mwanafunzi wa huko hukutana na neno hili katika hadithi ya Kiingereza, akafungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akasoma "safari ya baharini". Jibu ni sahihi. Taabu ni kwamba katika maisha yake "safari" ni neno pana mno: kupanda matatu kwenda Kisumu ni safari, kwenda kwa nyanya mwezi wa Desemba ni safari, hata kumaliza masomo huitwa safari ndefu. Neno analolifahamu hubaki kichwani, na lile la "baharini", ambalo hajaona kitu chake, hudondoka njiani. Kesho yake anaandika kwamba familia yao ilifanya voyage ya kwenda Kisumu kwa basi. Mwalimu anatia alama nyekundu, nayo alama hiyo haielezi kitu. Hapa kamusi imempa mtoto maana ikamnyima matumizi.

Cha kustaajabisha ni kwamba kosa la mtoto huyo lilikuwa Kiingereza safi hapo zamani. Asili ya neno ni Kilatini, viaticum, yaani masurufu: chakula na fedha za njiani. Lilipita katika Kifaransa cha kale, likawa na maana ya mwendo wenyewe, na Waingereza walipolichukua walilitumia kwa nchi kavu na kwa bahari. Baadaye likasukumwa majini, na journey likabaki na nchi kavu. Wafaransa hawakulibana, kwao anayekwenda kwa treni bado yumo ndani ya voyage. Na "safari", tuliyoipata kwa Waarabu, iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia wapelelezi wa bara la Afrika, ikabanwa vivyo hivyo hadi ikawa kwenda mwituni kuwinda wanyama, na siku hizi kuwatazama. Kiingereza kina tabia ya kulipa kila neno la mwendo kazi yake maalumu. Kiswahili kinaridhika na neno moja na kuliongezea sifa panapohitajika.

Matumizi yana taratibu zake. Kwa kawaida voyage ni nomino. Kama kitenzi hupatikana zaidi katika maandishi ya kifasihi. Huhesabika, na wanahistoria hupenda kulipa namba. Safari ya kwanza ya Vasco da Gama, ya 1497 hadi 1499, huitwa kwa ujumla wake first voyage, kwenda na kurudi. Lakini ndani yake mna vipande vinavyostahili jina hilo hilo. Kutoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa huko, alifika Calicut kabla ya mwezi kutimia, pepo zikiwa upande wake. Kurudi Afrika alitoka bila kungoja kaskazi ishike, na kuvuka bahari ile ile kukamla karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Mtunzi wa kamusi akieleza kwamba neno hubeba mzunguko mzima na pia kila mkono wake, amemwondolea msomaji utata wa kurasa nyingi za historia.

Kazi hii imepitia mikono ya watu wavumilivu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa London 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. A. C. Madan alitoa ya Kiingereza na Kiswahili 1894. Juu ya msingi wa Madan, Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki wakajenga kamusi mbili za 1939, ambazo bado hunukuliwa. Kisha 1992 Salim K. Bakhressa akatoa Kamusi ya Maana na Matumizi, na jina la kitabu hicho peke yake ni msimamo kuhusu kamusi inavyopaswa kuwa: fasili iandamane na sentensi ambayo mtu angeweza kuisema. Msimamo huo ndio sahihi.

Kwa mfano, anayetafsiri hadithi ya mabaharia hatafika mbali na "safari ya baharini" pekee. Utajiri wa Kiswahili cha pwani umo zaidi katika vitenzi. Chombo hung'oa nanga, hutweka tanga, hupiga bisha upepo ukiwa wa mbele, hutua tanga kikifika bandarini. Penye voyage moja ya Kiingereza, mara nyingi Kiswahili kizuri huacha nomino na kusema chombo kilifanya nini.

Liko tumizi moja zaidi ambalo kamusi za shule huliruka, nalo ndilo linalofika Langas kwa hakika. Mfanyabiashara anayeagiza gari kuukuu kutoka Japani, au marobota ya mitumba, hupokea hati ya shehena yenye mstari wa jina la meli na, kando yake, voyage number. Hapo neno limekuwa la uhasibu: ni mwendo mmoja wa meli moja, wenye namba yake. Katika kampuni nyingi za kontena namba hiyo huishia kwa herufi, N, S, E au W, inayoonyesha upande meli inakoelekea. Meli ile ile ikirudi Mombasa baadaye, namba huwa nyingine, na anayefuatilia mzigo kwa jina la meli tu aweza kungojea meli iliyokwisha kushusha mzigo wake na kuondoka.