Kifuko cha Majivu

Wawindaji wa kitalii wanapoota moto jioni katika vitalu vya Selous, kusini mwa Tanzania, mazungumzo huwa ya vifaa: bunduki ya 375 au 416, darubini ipi huona vizuri giza likiingia, buti zipi hazichubui. Mfuata nyayo aliyewafikisha kwa nyati hana cha kuchangia. Vifaa vyake ni katambuga, fimbo na kifuko cha majivu.

Majivu hayo ndiyo roho ya kazi. Kila baada ya mwendo mfupi hukitikisa kifuko, vumbi likapepea, naye akajua upepo unaelekea wapi. Ukigeuka kuelekea kundi, nyati watanusa, na asubuhi nzima ya kutembea imepotea.

Kwenye ardhi ngumu ya miombo, ukwato hauachi alama kamili. Mfuata nyayo husoma jani lililopinduka, nyasi zilizotafunwa ambazo bado zina unyevu, na joto la kinyesi analolipima kwa kidole. Tone la damu likionekana, mambo hubadilika: nyati aliyejeruhiwa huweza kurudi nyuma na kuvizia kando ya njia yake mwenyewe. Anayetangulia, macho chini, mara nyingi hana bunduki.

Kambini, mchuna ngozi huchelewa kulala. Hupasua midomo, hugeuza masikio, hukwangua nyama yote, kisha husugua chumvi kila mkunjo usiku uleule, maana ngozi ikianza kuoza manyoya hunyonyoka.

Picha ya siku hiyo, iliyopigwa mapema, ina mwindaji, bunduki na pembe.