Kioo Juu ya Kioo Katika Vumbi la Malava

Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua inapopungua, matrekta yanayovuta miwa kuelekea viwanda vya sukari vya Butali na Kabras hutimua vumbi jekundu kwenye njia za udongo zinazoingia barabara kuu ya Kakamega–Webuye. Vumbi hilo hutua juu ya mabati na majani ya migomba. Hutua pia kwenye skrini za simu ambazo vijana wa Malava wamezishika kwa upana, vidole gumba vikihangaika na eFootball au Free Fire. Kwa wengi wao simu ndiyo mashine ya gemu: kwa programu ya PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, hata gemu za PSP ya Sony huchezwa kwenye Tecno au Infinix. Kifaa maalumu cha gemu kama Nintendo Switch au Steam Deck ni kitu cha nadra zaidi, mara nyingi zawadi ya ndugu aliye Nairobi au ng'ambo. Swali la kama uweke protekta, ile glasi au utando unaobandikwa juu ya skrini, linawahusu wote, na jibu lake linaanzia kwenye vumbi.

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake. Ukucha wa binadamu uko karibu na 2.5. Vioo vingi vya simu huanza kuchorwa kwenye 6. Kwatzi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga duniani, ni 7. Wakazi wa Kakamega wana sababu ya kuyajua madini haya: watafuta dhahabu waliofurika huku kuanzia 1931 walikuwa wakiifuata dhahabu ndani ya mishipa ya kwatzi. Funguo na sarafu hulaumiwa kila siku, ilhali nyingi ni laini kuliko kioo. Inayochora ile mistari midogo ni chembe ya mchanga iliyonaswa mfukoni, ikisuguliwa kila mara mwendesha boda anapoketi na kuinuka, au mchezaji anapopangusa skrini kwa pindo la fulana.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya kuweka protekta ni nyepesi: kitu fulani kitachorwa, na ni heri kichorwe kile kinachobadilishwa kwa shilingi mia moja au mia mbili kuliko kile kinachogharimu maelfu. Hesabu hii inauma zaidi kwa anayelipia simu kidogo kidogo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanzishwa na Safaricom pamoja na Google mwaka 2020 ulimruhusu mteja kutanguliza shilingi 1,000 kisha kulipa shilingi 20 kwa siku. Skrini ikipasuka katikati ya safari hiyo, deni haliendi popote.

Wauzaji hupenda kuonyesha maandishi ya 9H kwenye pakiti, na wanunuzi huamini kwamba glasi hiyo inakaribia ugumu wa almasi. Haikaribii hata kidogo. Hiyo H ni ya penseli. Katika kipimo hicho penseli zilizochongwa huburutwa juu ya kitu kwa uzito maalumu, kuanzia zile laini hadi ile ngumu kuliko zote, 9H, na kinachostahimili hiyo ya mwisho hupewa jina lake. Penseli hata iwe ngumu vipi haifikii mchanga. Protekta ya 9H bado ni kioo, na vumbi la Malava litaichora kama linavyochora kioo chochote. Hilo si kasoro, maana kazi yake ni kuchorwa badala ya kingine. Kasoro ni kumwambia mteja kwamba haitachorwa kamwe.

Je, inazuia kupasuka? Hapa ndipo ubishi mwingi unapozuka, na ukweli umekaa mahali pasipotarajiwa. Kioo cha simu ya kisasa hutumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 400 za Selsiasi. Ayoni ndogo za sodiamu hutoka, zile kubwa za potasiamu hujipenyeza mahali pao, na uso wa kioo hubaki umebanwa kwa nguvu pande zote. Kioo hupasuka kinapovutwa, kwa hiyo mvuto wowote lazima kwanza ushinde ule mbano. Lakini mkwaruzo ukichimba kina cha kutosha, huwa mlango. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha karne moja iliyopita kwamba nguvu inayovuta kioo hukusanyika kwenye ncha ya ufa mdogo, na ufa huo ndio unaoamua kioo kitavunjika kwa nguvu kiasi gani.

Maana yake ni hii: glasi nyembamba ya protekta, ya theluthi moja ya milimita, haiwezi kubeba pigo la simu inayoanguka kwa pembe juu ya saruji. Pigo hilo hupita kwenye fremu, wala haligusi protekta. Kinachosaidia hapo ni kava lenye ukingo ulioinuka. Protekta huokoa kwa njia ndefu zaidi, kwa kuhakikisha kwamba siku ya kuanguka kioo cha chini bado hakina mikwaruzo. Pia huokoa pale kifaa kinapoanguka kifudifudi juu ya jiwe dogo, maana jiwe hukutana na protekta kwanza. Anayeuza kava na protekta pamoja hamdanganyi mteja.

Kwa vifaa vya gemu vyenyewe, jambo la kujua kabla ya kununua chochote ni juu kabisa ya skrini kuna nini. Nintendo Switch ya 2017 ina uso wa plastiki, na Switch Lite ya 2019 vilevile. Plastiki huchorwa na vitu vingi ambavyo kioo hakivijali. Wamiliki wengi wa Switch ya kwanza walilalamika kwamba hata kuichomeka kwenye kituo chake cha runinga kuliacha alama. Kwa vifaa hivyo protekta ya glasi ni lazima, Malava au Tokyo. Switch ya OLED ya 2021 ina kioo, lakini kiwandani kimebandikwa utando wa plastiki unaozuia vipande kuruka kikipasuka, na Nintendo yenyewe inaonya usibanduliwe. Wapo waliouvua wakidhani ni ile karatasi ya dukani. Protekta hubandikwa juu yake, na utando hubaki mahali pake.

Steam Deck ina sura nyingine. Toleo la bei ya juu la 2022, lenye hifadhi ya 512GB, lilikuja na kioo kilichokwanguliwa kwa makusudi ili kisiakisi jua. Ukibandika glasi ya kawaida juu yake, gundi hujaza vile vishimo vidogo na uso mpya unaong'aa huakisi jua la saa saba kama kioo chochote. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya kuchezea uani atakuwa amekizika alichokilipia. Huyo afadhali akiache wazi, akitunze ndani ya mfuko wake mgumu.

Kisha kuna Nintendo DS na 3DS za zamani, ambazo bado zinapita mkono kwa mkono. Skrini ya chini ya vifaa hivyo haihisi umeme wa kidole kama simu. Hufanya kazi kwa kubonyezwa hadi tabaka mbili zigusane. Glasi juu yake huifanya kiziwi. Hapo utando laini tu ndio unaofaa.

Ubora wa kubandika huonekana zaidi kuliko bei ya pakiti. Mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, karibu asilimia 4 hurudi nyuma. Gundi nzuri hupinda mwanga takriban kama kioo, kwa hiyo vioo viwili na gundi katikati huonekana kama kimoja. Penye kiputo, hewa imeongeza nyuso mbili zaidi za kuakisi, ndiyo sababu hata kiputo kidogo hung'aa. Zile glasi za bei rahisi zenye gundi pembeni tu huacha hewa katikati yote: picha hufifia, na mguso hulegea kwa sababu kidole kimetengwa mbali na vihisi. Kwa anayecheza Free Fire, risasi inayochelewa ni kifo.

Fundi makini hachezi na vumbi wakati wa kazi hii. Hufunga mlango au husubiri mvua inyeshe, maana hewa iliyonyeshewa imesafishwa. Hupangusa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kwa kikavu, kisha hupitisha kipande cha gundi kuinua chembe zilizobaki. Huiweka glasi kwa kulinganisha matundu, hubonyeza katikati mara moja, na kuiacha gundi ijitandaze yenyewe. Chembe moja ikinaswa chini, huinua pembe na kuidaka kwa selotepu. Wenye vidole vinavyotoka jasho hupenda utando usiong'aa, kwa kuwa kidole huteleza vizuri. Gharama yake ni picha yenye ukungu kidogo, na kwa mpira wa eFootball ukungu huo unavumilika.

Protekta ikipasuka, ibadilishwe wiki hiyohiyo. Kingo zake hukata kidole gumba, na nyufa huingiza mchanga ule ule iliyowekwa kuuzuia. Protekta huanza kuinuliwa kwa kadi nyembamba ya plastiki kutoka kwenye pembe, polepole, bila wembe wala kisu. Kwenye Switch ya OLED, mkono usimame mara glasi inapotoka: tabaka linaloonekana kuanza kufuata chini yake ni lile la kiwandani.