Kadi za Kuchimba Zinapoganda, Anza na Umeme

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji, na wenye kompyuta za kadi nyingi za picha wakatafuta sarafu nyingine za kuchimba, Ravencoin ikiwa mojawapo. Mashine iliyokuwa imetulia kwa miezi ikianza kuganda baada ya kuhama namna hiyo, ni rahisi kuilaumu programu mpya, maana kadi ni zilezile na nyaya ni zilezile. Lakini kilichobadilika hasa ni mzigo. Ethereum ilitegemea zaidi kasi ya memori, hivyo RTX 3070, ambayo kikomo chake cha kiwandani ni wati 220, iliweza kuichimba kwa takriban wati 120. Hesabu ya Ravencoin, KawPow, huitumikisha sana chipu yenyewe, na umeme unaovutwa hupanda. Udhaifu uliokuwemo kwenye nyaya tangu siku ya kuunganishwa ndipo hujitokeza. Ndiyo maana nashikilia kwamba kadi inapoganda, mshukiwa wa kwanza awe njia inayoiletea umeme.

Itazame raiza. Katika mashine hizi kadi haichomekwi kwenye ubao mama; hukaa juu ya kipande kidogo cha saketi kinachopokea data kwa kebo ya USB 3.0, na umeme wake hutoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Kanuni za PCIe zinairuhusu kadi kubwa kuvuta kutoka kwenye sloti ampea 5.5 za volti 12, yaani wati 66. Raiza nyingi, hata hivyo, ziliuzwa na kebo ya SATA, plagi iliyobuniwa kwa ajili ya diski: pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Ni kweli kwamba kadi nyingi huvuta umeme mwingi kupitia plagi zao wenyewe na kuiachia sloti sehemu ndogo. Lakini zipo GTX 1050 Ti zisizo na plagi yoyote, na RX 480 ya mwaka 2016 ilipimwa ikivuka kikomo cha sloti hadi AMD ikatoa draiva ya kuirekebisha. Tena mzigo huu haupumziki usiku wala mchana. Pini iliyolegea hupata joto, joto huzidisha ukinzani, volti hushuka, na kadi hupotea ghafla.

Kwenye Linux, draiva ya NVIDIA huandika Xid 79 kadi inapotoweka kwenye njia ya PCIe. Alama hiyo peke yake haimtaji mkosaji, na anwani inayoandikwa nayo ni ya sloti, kwa hiyo ukihamisha kadi anwani haihami nayo. Hapo panahitajika uvumilivu. Chukua raiza ya kadi inayopotea uipe kadi nzima, usiguse kitu kingine. Hitilafu ikiifuata raiza, umeshampata. Ikibaki na kadi ileile, kagua kadi na plagi zake. Hivyo vikiwa vizima, chunguza sloti. Anayebadilisha raiza, kebo na draiva kwa mpigo mmoja anaweza kuiponya mashine asijue alichotibu.

Wapo watakaosema kwamba chanzo kikuu ni memori iliyosukumwa kupita kasi yake. Hoja hiyo ina uzito, na kipimo chake ni chepesi: rudisha mipangilio yote ya kiwandani. Memori ikiwa ndiyo tatizo, mashine itatulia. Lakini mipangilio hiyo huondoa pia kikomo cha umeme alichokiweka mchimbaji, kwa hiyo njia dhaifu ya umeme italemewa zaidi na kadi itaganda mapema kuliko awali. Jaribio moja linatenganisha washukiwa wawili, na nashangaa linavyorukwa na watu wanaokimbilia kusakinisha draiva upya. Kuhusu joto, chipu iliyopata moto kwa kawaida hujipunguzia kasi kabla ya kuzimika, nayo memori ya GDDR6X hufanya hivyo ikifika nyuzi 110. Joto la plagi halina kipimo chochote kwenye skrini. Lazima uizime mashine, uchomoe plagi na kutafuta plastiki iliyobadilika rangi.

Wengine huridhika na programu mlinzi inayoiwasha mashine upya kila inapoganda. Mapato hayakatiki sana, ni kweli, ila plagi inayoungua inaendelea kuungua, na hapo kinachohatarishwa si sarafu tena bali chumba chenyewe. Iache programu hiyo ifanye kazi, lakini hifadhi logi kwenye diski au uzitume kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu zikikaa kwenye memori tu zitafutika mashine inapowaka. Na baada ya kubadilisha kebo, subiri muda unaozidi mara kadhaa ule uliokuwa ukipita kati ya kuganda na kuganda. Kwa mashine iliyokuwa ikiganda kila baada ya siku tatu, usiku mmoja wa utulivu hauthibitishi chochote.