Megahezi 733 Zilizopotea Karatina

Kompyuta ilitoka kwangu Nyeri Jumatatu ikisoma megahezi 1833. Alhamisi mwenye saiba akanipigia simu kutoka Karatina. "Fundi, hii kitu yako imezeeka kwa siku tatu. Watoto wanafungua barua pepe wanaenda kunywa chai wakirudi bado inazunguka." Akaongeza kwamba kwenye kioo, mashine ikiwaka, inaandika 1100. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni virusi," nikakata simu. Hapo ndipo nilipoanza kupotea njia.

Ilikuwa Agosti 2009. Mashine nilikuwa nimeiunda mwenyewe kwa vipuri vya mitumba vilivyopanda matatu kutoka Nairobi kupitia Sagana, vikiwa vimefungwa kwenye magazeti: mazabodi isiyo na kitabu chake, diski ya gigabaiti 40, na prosesa ya AMD Athlon XP 2500+ ya aina ya Barton, iliyotoka 2003. Jina hilo limegombanisha mafundi wengi na wateja wao. 2500 si megahezi. AMD waliweka namba hiyo ili mnunuzi ailinganishe na prosesa zenye mapigo mengi zaidi. Mwendo wake halisi ni 1833. Kwa hiyo nusu ya malalamiko ya mama, kwamba aliahidiwa 2500, niliyamaliza kwa maneno. Nusu ya pili ilikuwa haki yake.

Wiki iliyofuata mashine ikarudi mezani kwangu. Nilipiga Windows upya. Nikapuliza vumbi. Nikabadilisha pawa. Siku mbili zikaisha na 1100 bado inanitazama kila nikiwasha, nami naipita mbio nikikimbilia ndani ya Windows kutafuta mchawi. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa mafundi wengi wa huku kwetu, nikiwemo mimi: tunaamini programu ndiyo mgonjwa kwa sababu programu ndiyo tunayojua kuitibu.

Siku ya tatu nikachukua kalamu. Prosesa haina mwendo wake yenyewe. Inapokea mapigo ya basi, ile njia inayoiunganisha na ramu na sehemu nyingine za mazabodi, kisha inayazidisha. Kizidishi cha 2500+ ni 11. Basi lake linapaswa kupiga megahezi 166 na ushei. Zidisha kwa 11 upate 1833. Sasa gawanya 1100 kwa 11. Jibu ni 100 kamili, bila salio. Virusi haviwezi kupunguza mwendo kwa hesabu safi namna hiyo, wala vumbi. Kuna mahali basi lilikuwa limewekwa kwenye 100, na prosesa ilikuwa inatii tu.

(Mapigo yenyewe huzaliwa kwenye kipande kidogo cha fuwele juu ya mazabodi, chenye maandishi 14.318. Namba hiyo ya ajabu ni mara nne ya masafa ya rangi ya televisheni za zamani za Marekani. Kompyuta ya IBM ya 1981 iliigawanya kwa 3 ikapata megahezi 4.77, na fuwele ikabaki kwenye mazabodi miaka yote hiyo. Kando yake kuna chipu inayoyageuza mapigo hayo kuwa 100, 133 au 166, kulingana na inavyoamriwa.)

Nani aliamuru 100? Kwenye mazabodi nyingine za kizazi hicho ni jampa, kijifuniko cha plastiki juu ya vipini. Hiyo ungeirekebisha mara moja ukasahau. Yangu ilikuwa inawekwa ndani ya bayosi, nami niliiweka 166 kwa mkono wangu. Bayosi hukumbuka mipangilio kwa nguvu ya betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Betri ikifa, bayosi hurudi kwenye mwendo wa usalama, na kwa mazabodi ile usalama ulikuwa 100.

Lakini ikiwa betri ilikuwa tayari imekufa, mbona kwangu mashine ilikaa siku kadhaa bila kusahau kitu? Jibu lilikuwa ukutani. Mashine ikiwa imechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, pawa hupeleka volti 5 kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa, na bayosi hunyonya hapo. Betri huhitajika tu stima ikikatika. Na mwezi ule mgao wa umeme ulikuwa umeanza, kwa sababu ukame ulikuwa umeshusha maji ya mabwawa ya Tana. Kwangu nilikuwa na betri kubwa ya akiba. Saiba haikuwa nayo. Stima ikienda, kila kitu kinakwenda. Nikafungua orodha ya faili za mteja mmoja: barua iliyoandikwa wiki ile ilikuwa na tarehe ya Januari 2003. Dalili ilikuwa pale muda wote. Nikapima betri: mita ikasoma volti 2.1 badala ya 3.

Nikaweka betri mpya, nikarudisha 166, nikawasha. Windows ikafika nusu ikaganda. Mara ya pili, kioo cha buluu.

Hapa nilitoka jasho kwenye baridi ya Agosti, maana sasa nimeharibu kilichokuwa kinatembea. Nikafungua tena, na safari hii nikatazama badala ya kukimbia. Kulikuwa na vijiti viwili vya ramu. Mimi niliweka kimoja. Nikampigia mama. "Ee, kuna kijana alinionea huruma Ijumaa, akaniongezea moja iende haraka." Changu kiliandikwa PC2700, kinachohimili megahezi 166. Cha kijana kiliandikwa PC2100: mwisho wake ni 133. Basi lilipokuwa 100 kijiti hicho kilifanya kazi bila taabu. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa unaficha wa pili. Nilikiacha kwenye Memtest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha kwa 166, asubuhi kioo kimejaa mistari myekundu.

Ningeweza kupatanisha kwa kuweka basi 150. Fundi mwenzangu alinishauri hivyo. Nilikataa kwa sababu mazabodi ile ingegawanya 150 kwa 4, na njia ya PCI iliyotengenezwa kwa megahezi 33 ingesukumwa hadi 37.5. Mdhibiti wa diski yuko kwenye njia hiyo, na diski ikianza kuandika makosa, mama atapoteza faili za wateja. Nikatoa kijiti cha kijana.

Kwa wenye mashine mpya kuliko ile: AMD waliacha basi la namna hii kwa Athlon 64 mwaka 2003, na Intel kwa Core i7 mwaka 2008, lakini hesabu ya mapigo mara kizidishi ingali ileile. Na ukinunua Core 2 Duo ya mitumba ukaikuta inasoma 1600 ikiwa haina kazi, usishike bisibisi. Imeshusha kizidishi hadi 6 ili iokoe umeme. Ipe kazi uone.

Mama alibandika karatasi pembeni mwa kioo, imeandikwa 1833 kwa kalamu nyekundu. Kila stima ikirudi huwasha, hulinganisha, ndipo afungue mlango.